Sampu ya mtumba: Si kila inayofanana huingiliana na injini

Gari dogo linapopanda tuta lisilo na alama, au linapopita juu ya jiwe lililoachwa katikati ya barabara na dereva wa lori aliyeharibikiwa, sehemu ya kwanza ya injini kuguswa huwa ni sampu. Hilo ni bakuli la chuma chembamba au la alumini lililofungwa chini kabisa ya injini, ambamo oili yote hurudi na kukusanyika kabla ya kunyonywa tena na pampu. Magari mengi ya abiria hubeba oili kati ya lita tatu na tano tu. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo imejaa katika barabara za Afrika Mashariki, huchukua lita 3.7 pamoja na chujio. Kiasi hicho huweza kumwagika chote kupitia tundu lisilozidi upana wa kidole kabla dereva hajamaliza kilometa chache.

Injini inayozunguka bila oili haidumu. Beringi za krenkishafti husagika, injini hunoki, kisha hukamata. Ndiyo sababu taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili inapowaka, gari husimamishwa na injini kuzimwa palepale, hata kama gereji inaonekana ng'ambo ya barabara. Aliyezima mapema atatafuta sampu. Aliyejikongoja hadi gereji huenda akatafuta injini nzima.

Sampu mpya kutoka kwa wakala wa kampuni inayotengeneza gari mara nyingi huagizwa nje ya nchi, na kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani peke yake, wakala wa hapa anaweza asiwe nayo kabisa katika orodha yake. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi huelekea kwenye maduka ya spea zilizotumika: Gerezani, Kariakoo na Ilala kwa wakazi wa Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga kwa wale wa Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, au soko la Kisekka jijini Kampala. Spea hizo hutoka katika magari yaliyokatwakatwa nchini Japani na kuletwa kwa makontena, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah. Ubora wa nyingi ni mzuri. Tatizo huwa katika kuoanisha.

Swali la kwanza la muuzaji kwa kawaida ni "gari gani?" Na jibu la kwanza la mteja ni jina la gari: Corolla, Vitz, Premio, RAV4. Jibu hilo halitoshi, na ndilo chanzo cha safari nyingi za kurudisha spea dukani.

Injini kwanza, jina la gari baadaye

Sampu hufungwa kwenye injini, haifungwi kwenye bodi. Jina lililobandikwa kwenye buti, kwa hiyo, halina kauli ya mwisho. Toyota Vitz ya kizazi cha kwanza yenye namba ya chesisi inayoanza na SCP10 ina injini ya 1SZ-FE ya lita 1.0. Ile ya NCP10 ina 2NZ-FE ya lita 1.3. Vitz iliyotoka mwaka 2005 yenye KSP90 ina injini ya 1KR-FE ya silinda tatu. Magari matatu, jina moja, familia tatu za injini ambazo hazina undugu wa sampu.

Hali ni hiyo hiyo kwa Premio ya miaka ya 2001 hadi 2007. NZT240 ina 1NZ-FE ya lita 1.5, ZZT240 ina 1ZZ-FE ya lita 1.8, na AZT240 ina 1AZ-FSE ya lita 2.0. RAV4 ya miaka hiyo nayo iligawanyika: zilikuwapo zenye 1ZZ-FE na zenye 1AZ-FSE. Kwa upande mwingine, mwenye Probox, Ist, Fielder au Allion yenye 1NZ-FE anaweza kutafuta miongoni mwa magari yote hayo badala ya kung'ang'ania jina la gari lake. Uwanja wa kutafutia hupanuka sana mtu anapotaja injini.

Maandishi hayo ya Toyota husomeka kwa urahisi baada ya kuyazoea. Namba ya mwanzo huonyesha toleo ndani ya familia, herufi zinazofuata ni jina la familia, na herufi zilizo baada ya kistari hueleza namna injini ilivyoundwa. Kwa mfano, F huashiria kamshafti mbili za juu za aina ya kawaida, na E huashiria upulizaji wa mafuta kwa umeme. Kinachopaswa kulingana kwanza ni familia na toleo. Hata hivyo herufi za mwisho zisipuuzwe: 1NZ-FXE, injini ya Prius inayotumia pia umeme, ni ndugu wa 1NZ-FE, lakini undugu huo peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba vipuri vyao vyote huingiliana.

Taarifa hizi hupatikana katika kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti na katika kadi ya gari, ambayo Wakenya huijua kama logibuku. Zote mbili ziaminiwe kwa kiasi. Gari lililokaa nchini miaka kumi huenda limeshabadilishwa injini zaidi ya mara moja, na si kila aliyebadilisha alipeleka taarifa kwenye mamlaka husika. Namba isiyodanganya ni ile iliyogongwa kwenye bloku la injini yenyewe. Fundi huisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, kisha huisoma kwa tochi.

Tahadhari nyingine inahusu spea zilizopitia nchi za Ghuba. Corolla iliyouzwa huko au Ulaya si lazima iwe na injini sawa na Corolla iliyouzwa Japani. Ulaya, kwa mfano, Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliuzwa pia ikiwa na 4ZZ-FE ya lita 1.4 na 3ZZ-FE ya lita 1.6, injini ambazo mtu hazikuti katika Corolla za soko la Japani za wakati huo.

Injini moja, matumbo mawili

Ugumu hauishii hapo. Injini hiyo hiyo huweza kutengenezwa ikiwa na sampu za maumbo tofauti, kulingana na gari itakamofungwa. Sababu ni nafasi. Chini ya injini hupita mtaimbo wa kubebea injini, rodi za usukani, bomba la moshi, na katika magari yanayovutwa na magurudumu yote, ekseli na difu ya mbele. Tumbo la sampu, yaani sehemu yake yenye kina, huwekwa palipo wazi: mbele katika gari moja, nyuma katika jingine.

Toyota Hilux inayovutwa na magurudumu ya nyuma haichangii sampu na Hilux ya magurudumu manne, hata zikiwa na injini ya namba ileile. Mark II nayo imewatoa jasho mafundi wengi: GX110 huvutwa na magurudumu ya nyuma, GX115 huvutwa na yote manne, na zote zina injini ya 1G-FE. Katika ile ya pili ekseli ya mbele ni lazima ipite katika eneo la injini, hivyo sehemu ya chini haiwezi kuwa na umbo lile lile. Katika BMW zinazovutwa na magurudumu yote, ekseli ya mbele ya upande mmoja hupita kabisa ndani ya sampu kupitia mrija uliotengwa na oili. Kwa gari kama hilo hakuna cha "karibu sawa".

Katika Toyota nyingi tarakimu ya mwisho ya namba ya modeli hutoa kidokezo. Corolla ya NZE121 huvutwa na magurudumu ya mbele, na NZE124 ni ya magurudumu manne. Mnunuzi anayetaja NZE pekee amemwachia muuzaji achague.

Zipo pia injini zenye sampu ya vipande viwili. Katika 1NZ-FE kipande cha juu ni cha alumini na kimefungwa kwenye bloku, na kile cha chini ni cha chuma chembamba, nacho ndicho kinachopigwa na mawe. Injini nyingi za Nissan zimeundwa vivyo hivyo. Jambo hili huokoa fedha, kwa kuwa mara nyingi kipande cha chini pekee ndicho kinachohitajika, ilhali muuzaji anaweza kuviuza vyote viwili kwa pamoja. Kinyume chake kipo pia. Kipande cha juu kikiwa kimepasuka, kubadilisha cha chini hakutazuia oili kumwagika. Kipande hicho cha alumini mara nyingi hufungwa pia kwenye gia boksi, kwa hiyo inafaa kuangalia kama gari lililokatwa lilikuwa la gia za kawaida au otomatiki, maana katika baadhi ya injini matundu hayo hutofautiana.

Vitu vitatu visivyotenganishwa

Makosa yanayogharimu zaidi ni yale yasiyoonekana kwa nje. Sampu inaweza kukubali matundu yote ya boliti, ikafungwa bila kuvuja hata tone, na bado ikaua injini.

Ndani yake huning'inia bomba la kunyonyea oili lenye wavu mwishoni. Wavu huo hukaa milimita chache tu kutoka sakafu ya sampu. Ikiwa sampu iliyonunuliwa ina kina kifupi kuliko ya awali, wavu hugusa sakafu na pampu hukosa oili. Ikiwa ina kina kirefu zaidi, wavu hubaki juu, na gari likikata kona au kufunga breki kwa nguvu, oili hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Taa ya oili huwaka kwa nukta moja kisha huzimika, na dereva wengi huidhania hitilafu ya umeme.

Cha tatu ni kijiti cha kupimia oili. Alama zake za juu na chini zimewekwa kwa kipimo cha sampu fulani. Sampu ikibadilika umbo, alama hizo huwa hazisemi kweli, na mwenye gari hujaza oili pungufu au kupita kiasi huku akiamini amefuata maelekezo. Kwa hiyo inapolazimu kutumia sampu ya umbo jingine la injini ile ile, kwa mfano injini ya gari la magurudumu manne inapohamishiwa kwenye la magurudumu mawili, sampu, bomba la kunyonyea na kijiti hutolewa katika gari moja na kuhamishwa pamoja.

Kwa kuwa wavu upo karibu kiasi hicho na sakafu, hata sampu isiyotoboka inaweza kuwa na madhara. Iliyobonyea kwa ndani huziba njia ya oili. Gari ambalo taa yake ya oili ilianza kucheza baada ya kugonga jiwe, ingawa hakuna tone lililoanguka chini, linapaswa kukaguliwa sampu kabla ya kununuliwa pampu.

Dukani

Njia ya uhakika kuliko zote ni kwenda na sampu ya zamani mkononi. Wengi huona aibu kuingia Kariakoo na bati lililochafuka, wakamtuma fundi peke yake, naye fundi hurudi na spea pamoja na cha juu chake. Sampu mbili zikiwekwa ana kwa ana, ukingo juu ya ukingo, hakuna nafasi ya ubishi: matundu yote yalingane, si mengi yake. Zikilingana, zigeuzwe na kupimwa kina kwa rula kutoka ukingoni hadi sakafuni. Gari likiwa limekwama mbali na sampu haijafunguliwa, picha za simu zilizopigwa kutoka chini na pande zote mbili husaidia, lakini hazitoi vipimo.

Kisha huangaliwa vitu vilivyochomekwa. Magari mengi ya Ulaya, Volkswagen na BMW yakiwamo, yana sensa ya kiwango cha oili chini ya sampu. Sampu isiyo na tundu hilo huliacha gari likilalamika daima kwenye dashibodi. Baadhi ya injini za tabo hurudisha oili ya tabo kwenye sampu kupitia mrija, na sampu ya injini isiyo na tabo haina mahali pa kuupokea. Boliti ya kumwagia oili nayo ikaguliwe. Toyota na Nissan nyingi hutumia boliti ya milimita 12 yenye hatua ya nyuzi ya 1.25, Honda na Volkswagen hutumia ya milimita 14 yenye hatua ya 1.5. Ifunguliwe na kufungwa kwa vidole. Ikikwama au kucheza, nyuzi zimeliwa, na hiyo ndiyo hitilafu inayoongoza kwa sampu za mtumba, hasa za alumini.

Sampu za chuma zilizotoka katika nchi au mikoa yenye theluji hustahili kutazamwa zaidi, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma. Kutu ya juu juu si hoja. Kutu yenye vishimo ni dalili kwamba ukuta umebaki mwembamba, na rangi nyeusi mpya iliyopulizwa juu yake isimpumbaze mtu: bisibisi ikigongwa taratibu mahali hapo itatoa jibu. Kwa sampu za alumini, adui ni nyufa na viraka. Mahali palipochomelewa huonekana kwa mng'ao tofauti, na gundi ya chuma hutambulika kwa kukwaruza kwa ukucha. Sumaku ndogo mfukoni humwambia mnunuzi mara moja kama ni chuma au alumini.

Ukingo wa kufungia uwekwe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ukicheza, umepinda. Ule wa chuma chembamba hunyooshwa kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, kwa kuwa kwa kawaida umebonyea kuzunguka matundu ya boliti zilizokazwa kupita kiasi. Ule wa alumini uliopinda huachwa hapo hapo dukani.

Ndani ya sampu nako kuna habari. Tope jeusi zito linaeleza kwamba injini iliyotangulia ilicheleweshewa oili, na linasafishika. Chembe za chuma zinaeleza kwamba ilikufa kwa beringi, na sampu hiyo isifungwe kabla ya kuoshwa hadi kwenye kila pembe na chini ya kila kizuizi, maana chembe moja iliyobaki inajua njia ya kwenda kwenye pampu. Jaribio la mwisho ni rahisi: sampu hujazwa mafuta ya taa na kuwekwa juu ya gazeti kavu usiku kucha. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo oili ingechukua mwezi kupenya.

Wenye maduka makubwa hutafuta kwa namba ya kipuri, na mnunuzi anayeijua hupata bei bila maneno mengi. Toyota huanza namba za sampu kwa 12101 au 12102, Nissan kwa 11110 na Honda kwa 11200. Katika namba za Toyota, tarakimu mbili zinazofuata kistari huelekeza kwenye familia ya injini, 21 ikiwa ya NZ na 22 ya ZZ. Namba kamili hupatikana kwa kuingiza namba yote ya chesisi katika orodha ya vipuri ya kampuni husika.

Risiti iandikwe jina la injini na aina ya gari, si neno "spea" pekee. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya, ambazo zote zimefuata mfano wa Uingereza, humpa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa anayoitaka, na maandishi hayo ndiyo ushahidi kwamba alimweleza. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za EFD mwaka 2010. Bei ya chini mno kutoka kwa mtu asiye na duka ina maelezo yake, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hata kama mali yenyewe ni bakuli la oili.

Kuifunga

Kazi ya kufunga huharibika zaidi kwenye gundi. Sampu nyingi za Kijapani hazina gasketi ya karatasi. Hutumia gundi maalumu ya silikoni inayostahimili oili, na fundi asiye na subira huimwaga kama anayepaka siagi. Inayozidi hubanwa kuelekea ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huishia kwenye wavu wa kunyonyea. Mstari mmoja wa milimita tatu hadi tano, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti bila kukatika, unatosha. Kabla yake, nyuso zote mbili zikwanguliwe gundi ya zamani na kufutwa kwa kitambaa chenye petroli hadi zikauke.

Boliti hukazwa kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, na kwa nguvu ndogo. Zile ndogo za sampu ya 1NZ-FE huhitaji takriban nyutonimita 9, ambazo ni nguvu za kiganja na spana fupi. Boliti ya kumwagia oili huhitaji takriban 37, na washa yake hubadilishwa. Oili isimiminwe kabla ya saa mbili kupita. Gereji nyingi zenye uzoefu huliacha gari hadi kesho yake.

Baada ya kuwasha injini, taa ya oili inapaswa kuzimika ndani ya nukta chache. Ikibaki inawaka, injini huzimwa na bomba la kunyonyea huangaliwa upya. Gari likishatembea siku mbili tatu, sehemu ya chini hufutwa ikauke na kutazamwa tena asubuhi. Unyevu wa oili unaoonekana kwenye ukingo wa nyuma pekee, pale injini inapokutana na gia boksi, mara nyingi hautoki kwenye sampu bali kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti, na oili hiyo hutiririka hadi kwenye sampu na kuisingizia. Kuibadilisha sili hiyo hulazimu gia boksi kushushwa, kwa hiyo ni afadhali ikaguliwe wakati sampu ya zamani ingali imefunguliwa.